Wabaini, uchungu wa msunguti

Msunguti ni mti unaopendeza macho. Majani yake ni magumu na yanang'aa hata kiangazi, maua meupe yenye wekundu kidogo yananukia, na matunda yakiiva huwa ya zambarau iliyokolea, watoto huyachuma wakala. Lakini vunja kitawi uone: utomvu mweupe kama maziwa unachuruzika. Ng'ombe au mbuzi akila majani hayo ya kutosha, mapigo ya moyo wake huvurugika. Pengine huonekana mzima mpaka anaposwagwa kwenda mtoni, akaanguka njiani na kufa. Kwa kawaida mifugo huukwepa kwa vile ni mchungu. Balaa huja mwaka wa ukame, nyasi zimekwisha na kijani ni hicho tu, au matawi yaliyofyekwa yakiachwa karibu na zizi.

Wagiriama huiita sumu yake utsungu, na Mswahili husikia humo uchungu wake mwenyewe. Wawindaji walichemsha magome na vipande vya mti kwa saa nyingi hadi supu ikawa nzito na nyeusi kama lami, wakaipaka kwenye mishale.

Jina la kitaalamu la sumu hiyo limetoka kwa jirani zetu. Wasomali huita sumu hiyo ya mishale waabaayo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa Arnaud alipata fuwele za sumu kutoka kwenye mti huo, akazipa jina kwa neno la Kisomali. Kifaransa sauti ya w huiandika kwa herufi o na u, na hivyo ndivyo neno lilivyoingia vitabuni duniani kote. Anayelitohoa leo hushawishika kuandika uabaini. Mimi naona hapo tunabeba tahajia ya Paris bila sababu. Sisi w tunayo, kama Wasomali walivyo nayo. Tuandike wabaini. Najua kuna atakayelisoma kama kitenzi, wao wabaini jambo fulani. Muktadha utamwongoza, kama unavyomwongoza kwenye kaa na paa.

Kundi la sumu hizi huitwa glikosidi za moyo. Glikosidi ni kiambata chenye sehemu ya sukari iliyoshikana na sehemu isiyo sukari, na mzizi wake wa Kigiriki maana yake ni tamu. Ndiyo maana sikubali tafsiri ya neno kwa neno: itatupa kitu kitamu, ilhali mfugaji anazungumzia uchungu. Utohozi unatosha. Na "sumu ya moyo" pia haitoshi, kwa kuwa glikosidi nyingine za kundi hilo, kwa kipimo kidogo, ni dawa ya moyo dhaifu.

Kazi ya sumu hizi ni moja. Kila seli ya mnyama ina pampu inayotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Mdenmaki Jens Christian Skou aliigundua mwaka 1957, na mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel. Wabaini huikaba pampu hiyo. Sodiamu hujaa ndani, kalisi huifuata, na msuli wa moyo hukaza kupita kiasi, mdundo ukapotea.

Kwa hiyo kwenye kijitabu cha mfugaji ningeandika hivi: matawi ya msunguti yaliyokatwa yaondolewe zizini siku hiyohiyo, kwani jani likikauka wabaini inabaki.