Maporomoko Yaliyozama

Msomaji, ukifika Jinja nchini Uganda, mahali mto Nile unapotoka katika Ziwa Victoria, utayatafuta bure maporomoko ya maji yaliyokuwa hapo. Waganda waliyaita Mawe, na jina la mji nalo latokana na neno jinja, yaani jiwe. Zamani mgeni aliyafikia kwa taabu nyingi. Leo gari litakufikisha ukingoni upesi, walakini hutaona ila maji mapana yaendayo kimya.

Taabu ya zamani twaijua. Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Unguja mwezi wa Septemba 1860, asifike hapo mpaka tarehe 28 Julai 1862. Njiani alipatwa na maradhi, akadaiwa hongo na watawala, na huko Buganda Kabaka Mutesa akamkawiza miezi kadhaa. Pamoja naye alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, kisha akawa kiongozi wa misafara. Walikuta samaki wakirukia maporomoko na wavuvi wakiwangoja juu ya miamba. Speke akayaita Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja wa Uingereza. Je, wavuvi wale walihitaji kuonyeshwa maji yao?

Mwaka 1949 kazi ya kujenga bwawa ilianza chini kidogo ya hapo, penye maporomoko ya Owen. Ukuta wake una urefu wa meta 831 na kimo cha meta 31. Maji yaliyozuiwa yalipanda nyuma yake. Nayo yanaposhuka kwa nguvu huzungusha mitambo inayotoa umeme. Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua tarehe 29 Aprili 1954. Maporomoko ya Owen yalizama, na yale ya Ripon pia, ambayo miamba yake ilikuwa imekwisha kupasuliwa. Bwawa hilo sasa laitwa Nalubaale.

Usidhani, msomaji, kwamba habari hii ni ya jirani tu. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, nyaya zilivutwa kutoka Tororo mpaka karibu na Nairobi, na Kenya ikaununua umeme huo. Wanafunzi wengi wa nchi yetu walisoma usiku kwa mwanga uliotoka katika miamba ile.

Mwaka 2012 bwawa jingine lilikamilika kaskazini ya hapo, na maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga wengi waliyaheshimu kuwa makao ya mizimu, yakafunikwa vilevile.

Hatusemi kwamba mabwawa hayo yasingalijengwa. Viwanda na hospitali zahitaji umeme. Bali ni haki kukumbuka kwamba wengine walitoa mahali pao ili sisi tupate taa. Basi ukisimama ukingoni Jinja, usiridhike na kusoma maandishi yanayomtaja Speke. Mwulize mzee wa hapo maporomoko yale yaliitwaje na wenyewe, nawe uliandike jina hilo.