Bwawa Lina Jina la Ruiru, Maji ni ya Nairobi

Bwawa la Ruiru halipo mjini Ruiru. Liko Githunguri, kwenye vilima vya Kiambu, na tangu lijengwe karibu mwaka 1950 maji yake huenda Nairobi. Mto Thika nao ukazibwa huko Gatanga, Murang'a, na mwaka 1994 likakamilika bwawa la Ndakaini, lenye mita za ujazo milioni 70. Maji yake hupitishwa kwenye mahandaki, husafishwa Ng'ethu, kisha huteremshwa kwa mabomba hadi Gigiri. Jiji hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka bwawa hilo.

Mamlaka ya kuuhamisha mto yalitungiwa sheria zamani. Sheria ya Maji ya 1929 iliyakabidhi maji ya koloni kwa Mfalme wa Uingereza. Baada ya uhuru mwenye mali alibadilika jina. Sheria ya 2016 inasema serikali ya kitaifa inayashikilia kwa niaba ya wananchi. Ukishuka mtoni na ndoo ya kupikia, huhitaji kibali. Ukitega pampu, unakihitaji. Ni busara, ila ndoo haijawahi kushindana na bomba la jiji.

Haki ilichelewa. Julai 28, 2010, Umoja wa Mataifa ulipotangaza maji kuwa haki ya binadamu, nchi 122 ziliunga mkono. Kenya ilikuwa miongoni mwa 41 zilizokaa kando. Wiki moja baadaye, Agosti 4, wapiga kura wa nchi hiyohiyo wakapitisha katiba ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Raia waliitangulia serikali yao.

Katiba pia ilizipa serikali za kaunti kazi ya kusambaza maji, lakini mito ikabaki kwa serikali kuu. Aliyekuwa gavana wa Murang'a, Mwangi wa Iria, alidai robo ya mapato ya maji yaendayo Nairobi. Mjini Ruiru nako ploti ziligeuka maghorofa haraka kuliko mabomba yalivyoweza kufuata, na wenye visima, maboza na mikokoteni ya mitungi wakapata soko.

Ndipo likaja bwawa la Karimenu II, lililozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya Ruiru, Juja na sehemu za Nairobi. Liko Gatundu Kaskazini, ambako familia zilihamishwa kupisha bwawa hilo na fidia ikazua malalamiko. Safari hii anayeletewa maji ya wengine ni mkazi wa Ruiru.