Kasigau: Karne ya Maamuzi Yaliyotoka Mbali

Makwasinyi ni kimoja cha vijiji vinavyouzunguka Mlima Kasigau, kusini mashariki mwa Voi, katika Kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya. Majirani zake ni Rukanga, Jora, Kiteghe na Bungule. Kileleni, mita 1,641 juu ya usawa wa bahari, kuna msitu wa ukungu. Chini yake ni nyika kavu, ranchi na ndovu. Mmishonari Johann Rebmann alifika hapa mwaka 1847 na kuuandika mlima huu kwa jina la Kadiaro. Aliwakuta watu wenye wazee wao, mashamba yao na biashara iliyowaunganisha na pwani. Mambo yao waliyaamua wenyewe, papo hapo mlimani.

Miaka 68 baadaye uwezo huo ulivunjwa kwa amri moja.

Mwaka 1915, vita vya Waingereza na Wajerumani vilipopamba moto kati ya Voi na Taveta, kikosi cha Wajerumani kiliiteka kambi ya Waingereza iliyokuwa Kasigau. Maofisa wa Kiingereza wakadai kwamba wenyeji ndio waliowaonyesha adui njia. Hapakuwa na kesi wala utetezi. Watu wa Kasigau, wakiwemo wanawake na watoto, waling'olewa makwao na kupelekwa Malindi, ambako homa na njaa viliwaua wengi. Waliobaki hai hawakuruhusiwa kurudi mlimani hadi miaka ya 1930. Kizazi kizima kikawa kimekulia ugenini kwa tuhuma ambazo hakikupewa nafasi ya kuzijibu.

Wanaojadili utawala bora hupenda kuanza na uchaguzi na takwimu za uchumi. Kasigau inalazimisha mjadala uanzie mahali pengine: je, mtu anasikilizwa kabla ya uamuzi unaomhusu kutolewa? Mahali ambapo hilo halipo, hata amani haileti maendeleo, kwa sababu anayelima leo hajui kama kesho shamba litakuwa lake.

Historia iliyofuata ilirudia jambo hilohilo kwa sauti ya chini zaidi. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitenga Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, ambayo leo, kwa sehemu zake mbili za Mashariki na Magharibi, imemeza takriban asilimia 62 ya eneo la Kaunti ya Taita Taveta. Uhuru ulikuja mwaka 1963, na mpaka wa hifadhi ukabaki palepale. Ada za watalii hukusanywa na taasisi ya kitaifa. Ndovu wanaoharibu mashamba hubaki kwa mkulima. Wenyeji wa Taita huitazama Kaunti ya Narok kwa uchungu wa haki kabisa: hifadhi ya Maasai Mara iko chini ya serikali ya kaunti, na mapato yake huingia katika hazina ya huko. Sheria ya wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, lakini haki iliyoandikwa kwenye karatasi hailipi karo mpaka pesa zitoke.

Katiba ya 2010 ilikuja na ahadi ya kuyarudisha maamuzi karibu na wananchi. Tangu 2013 Makwasinyi ina mwakilishi wadi, bunge la kaunti na gavana. Wapigakura wameitumia nafasi hiyo bila woga: katika chaguzi tatu za mwanzo walichagua magavana watatu tofauti, John Mruttu, Granton Samboja na, mwaka 2022, Andrew Mwadime aliyesimama kama mgombea huru. Hiyo ni demokrasia yenye meno.

Lakini kura peke yake haichimbi kisima. Mwaka 2019 Gavana Samboja na wawakilishi wadi walikwaruzana juu ya bajeti hadi gavana akaanza kukusanya saini ili kaunti ivunjwe kwa mujibu wa kifungu cha 192 cha Katiba. Mwezi Oktoba bunge la kaunti likapiga kura ya kumng'oa, Seneti ikamwokoa. Kaunti haikuvunjwa. Viongozi wote hao walikuwa wamechaguliwa kihalali, na bado mgogoro wao ulikwamisha kazi za mashinani.

Kaunti jirani ya Makueni ilipita njia hiyohiyo mapema zaidi. Mwaka 2014 ugomvi wa gavana na bunge la kaunti ulifikia milio ya risasi, na tume iliyoongozwa na Mohamed Nyaoga ikapendekeza kaunti ivunjwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Baada ya hapo Gavana Kivutha Kibwana aliimarisha mabaraza ya wananchi kuanzia vijijini na kamati za wakazi za kusimamia miradi, na Makueni ikawa mfano unaotajwa nchi nzima. Katiba ilikuwa ileile, na Makueni ni kame kama ilivyo nyika ya Voi. Kilichobadilika ni nani anayekagua kazi kabla mkandarasi hajalipwa.

Kasigau yenyewe ina shule nyingine ya utawala, nayo haikutoka serikalini. Mwaka 2011 mradi wa Kasigau Corridor wa kampuni ya Wildlife Works ulikuwa wa kwanza duniani wa aina yake, ile ya kuzuia ukataji wa misitu, kupata hati za kaboni chini ya kiwango cha kimataifa cha VCS. Sehemu ya mapato ya kuuza hati hizo hupitia kamati za kaboni za lokesheni, na imelipa basari, madarasa na matangi ya maji. Hata hivyo, Novemba 2023 shirika la utafiti la SOMO na lile la haki za binadamu la KHRC yalitoa ripoti yenye madai kwamba baadhi ya wafanyakazi waandamizi wanaume waliwanyanyasa wanawake kingono. Kampuni iliagiza uchunguzi. Kamati ya kugawa basari, hata iwe safi namna gani, haimlindi mwanamke anayemwogopa msimamizi wake kazini.

Mwaka huohuo Bunge lilirekebisha sheria ya mabadiliko ya tabianchi: miradi ya kaboni ya ardhini italipa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa mkataba wa maendeleo uliosajiliwa. Mkataba huo unahusu ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Ranchi nyingi zinazoizunguka Kasigau ni za makampuni yenye wanahisa, na wakazi wengi wa vijijini hawana hisa. Nani ahesabiwe kuwa jamii ya Mlima Kasigau, na nani akae mezani kwa niaba yake, ndilo suala ambalo Makwasinyi na majirani zake wanapaswa kulishinikiza sasa, kabla mikataba haijatiwa saini.