Mshale Uelekee Wapi?

Mei 1871, James Clerk Maxwell aliwapelekea wanachama wa Chama cha Hisabati cha London swali ambalo mpita njia angeliona la kitoto. Mhimili wa x ukielekea mashariki na wa y kaskazini, je, wa z upande juu au ushuke chini? Hesabu zenyewe hazijali. Lakini vitabu vya wakati ule vilikuwa vimegawanyika. William Rowan Hamilton, mwasisi wa kwaternioni, yaani namba zenye sehemu nne, alitumia mfumo wa mkono wa kushoto, ule ambao z ingeshuka chini, hivyo aliyehama kitabu kimoja kwenda kingine alikuta jumlisha imegeuka toa.

Kanuni yenye utata huohuo Maxwell aliikuta ujanani. Julai 1850 William Thomson, ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin, alimwandikia George Stokes kanuni moja: ukijumlisha mwendo kuuzunguka ukingo wote wa uso, utapata sawasawa na jumla ya mizunguko midogo iliyomo usoni. Stokes akaitumbukiza kwenye mtihani wa tuzo wa Cambridge mwaka 1854, na Maxwell alikuwa miongoni mwa watahiniwa. Taabu ni kwamba uso una pande mbili, na vekta nomali, yaani mshale unaosimama pembemraba juu yake, inaweza kutokea upande wowote. Ugeuze mshale bila kugeuza mwendo wa ukingoni, na jibu litabadilika alama.

Mfumo wa mkono wa kulia, ule ambao z hupanda juu, ndio ulioshinda. Katika kitabu chake cha umeme na sumaku cha 1873, Maxwell anamwambia msomaji asukume mkono wa kulia mbele huku akiuzungusha kwa nje. Misuli, anasema, itakumbuka kuliko maelezo. Mfumo huo aliuita wa mzabibu, na wa kushoto wa mhopi, kwa jinsi mimea hiyo inavyojisokota. Akaongeza, kwa lugha ya enzi zake, kwamba ule wa mzabibu ndio unaofuatwa na watengeneza skrubu wa nchi zote zilizostaarabika isipokuwa Japani. Hilo la Japani hakulifafanua.

Uso uliofungwa, kama wa mpira, hauna ukingo wa kuuongoza mshale. Hapo desturi ni mshale utoke nje, ili katika hesabu za umeme chaji chanya iliyo ndani ilete jibu chanya.

Kuna uso usiokubali uamuzi wowote. Mwaka 1858 Wajerumani wawili, August Möbius na Johann Listing, kila mmoja kivyake, waliufikia ukanda unaopatikana kwa kupindua ncha moja ya karatasi nusu mzunguko kabla ya kuigundisha na nyingine. Utembeze mshale katikati yake: unarudi ulikoanzia ukiwa umeelekea kinyume. Kanuni ya Stokes haina pa kushika hapo, mpaka uchukue mkasi uukate ukanda kwa upana.