Kuvu zisizoonekana katika hewa ya Nyanchwa

MKAZI wa Nyanchwa, mjini Kisii, avutapo pumzi huingiza mapafuni mengi zaidi ya vumbi la barabara. Hewani mna viini vya kuvu, chembe ambazo kuvu hutawanya ili kuzaana kama mmea utawanyavyo mbegu. Vingi vina upana wa mikroni 2 hadi 10. Unywele wa binadamu hukaribia 70.

Kisii iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Unyevu ustawishao migomba na chai ndio ustawishao kuvu. Si ajabu kwamba Kiswahili hutumia neno moja, ukungu, kwa ule utandao vilimani alfajiri na ule uotao juu ya mkate. Majani makavu ya migomba na matunda yanayooza katika masoko kama Daraja Mbili ni chakula chake.

Mvua kubwa huosha hewa, lakini kwa muda tu. Viini vya Cladosporium na Alternaria, vilivyo vingi katika hewa ya miji duniani, hupeperushwa mchana wa jua na upepo. Kuvu nyingine hurusha vyao usiku au mvua inapokatika.

Watu wengi hawadhuriki, ingawa mwenye pumu huweza kubanwa na kifua. Wa kuogopwa zaidi ni Aspergillus fumigatus, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiorodhesha mwaka 2022 miongoni mwa kuvu nne za hatari kuu. Viini vyake hufika ndani kabisa ya mapafu na huweza kuota katika mashimo yaliyoachwa na kifua kikuu. Hapo mtu aliyekwisha kupona huanza tena kukohoa, kukonda na hata kutema damu. Dalili ni zile zile, kwa hiyo hurudishiwa dawa za kifua kikuu, ambazo haziui kuvu, na miezi ikapotea bure. Ikiwa makohozi yake hayaonyeshi bakteria wa kifua kikuu, ni haki yake kumwuliza daktari kuhusu picha ya kifua na kipimo cha damu cha kingamwili za Aspergillus.

Kwa wenye mapafu dhaifu, kupepeta mahindi yaliyoota ukungu au kugeuza mboji ni kazi ya kuachiwa wengine.