Bakteria sugu husambaa vipi kwenye mikusanyiko mikubwa?

Bakteria sugu ni wale ambao dawa za antibiotiki haziwaui tena. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Hapa tunaeleza wanavyosafiri watu wanapokusanyika kwa wingi.

Anayewabeba si lazima augue

Wengi hukaa tumboni bila kumdhuru mtu. Hutoka na kinyesi, kisha humfikia mwingine kupitia maji, chakula au mikono michafu. Hatari huja wakiingia kwenye kidonda, njia ya mkojo au damu. Hapo dawa iliyozoeleka hushindwa.

Mto Ganges, India

Kila Mei na Juni mahujaji wa Kihindu humiminika Rishikesh na Haridwar kuoga mtoni. Watafiti wa Uingereza na India walipima mto huo na kutoa matokeo mwaka 2014. Walichunguza kinasaba kiitwacho NDM-1, kinachowawezesha bakteria kushinda hata dawa za akiba zinazotunzwa kwa wagonjwa mahututi. Msimu wa hija kilikuwa kingi takriban mara 60 kuliko miezi mingine. Vyoo na mifumo ya majitaka ya miji hiyo midogo huzidiwa na wageni.

Hija ya Makka

Hija hukusanya mamilioni ya Waislamu, wakiwemo wa Afrika Mashariki. Watafiti wa Ufaransa waliwapima mahujaji wa Marseille kabla ya safari na baada yake. Baadhi walirudi na bakteria sugu ambao hawakuwa nao walipoondoka.

Kosa si ibada. Penye watu wengi na vyoo vichache, iwe mkutano wa injili, maulidi, mnada au msiba, njia ni ileile.

Tufanye nini?

- Tuchimbe vyoo vya kutosha kabla wageni hawajafika, mbali na kisima.
- Tuweke maji tiririka na sabuni karibu na choo na penye chakula.
- Tuchemshe au tutibu maji ya kunywa.
- Tusinunue antibiotiki kwa mafua au kila tumbo linapoharisha. Huua bakteria wasio na madhara na kuwaachia sugu nafasi.
- Ukiugua baada ya safari, mwambie mhudumu wa zahanati ulikotoka na dawa ulizokwisha kunywa. Itamsaidia kuchagua dawa inayofaa mapema.