Maradhi ya Kujaa na Kupwa, na Ushuhuda wa Ndugu

Yako maradhi ambayo tabibu, awe hodari namna gani, hawezi kuyatambua kwa kumtazama mgonjwa siku moja. Mtu aliyekuwa mtulivu huanza kulala saa mbili tatu tu, na kuamka asione uchovu. Maneno yake huwa mengi, tena ya mbio; akiba ya nyumba huitoa katika biashara isiyo kichwa wala miguu; akizuiwa hukasirika. Mwanzoni jamaa hufurahi, wakidhani kwamba bahati imemfungukia. Kisha maji yale yaliyofurika hupwa: mtu yule yule hujifungia chumbani mchana kutwa, chakula hakitaki, hujiona kuwa mzigo kwa watu, na huenda akatamani kufa. Anayemkuta wakati wa kujaa humwita kichaa; anayemkuta wakati wa kupwa humwita mvivu; na anayemkuta baina ya nyakati hizo mbili haoni kwake ila uzima. Awezaye kuziunganisha hali hizo tatu ni yule aliyekaa naye miaka, yaani mke, mume, mzazi au ndugu. Mgonjwa mwenyewe, maji yanapojaa, aghalabu ndiye wa mwisho kukubali kwamba anaumwa.

Tangu zama za Wayunani matabibu waliijua huzuni iliyopita kiasi, ambayo Waarabu waliiita malikhulia, na waliujua pia wazimu wa kelele na fujo. Wachache wao, kama Aretaeus wa Kapadokia, walidokeza kwamba hali moja huweza kuizaa nyingine. Lakini ilikuwa mjini Paris, mwanzoni mwa mwaka 1854, ndipo mzunguko wenyewe ulipoelezwa waziwazi. Jules Baillarger alitangaza ugonjwa aliouita wazimu wa sura mbili. Haukupita muda, Jean-Pierre Falret wa hospitali ya Salpêtrière akasimama kudai kwamba yeye alikuwa amekwisha kuufundisha, kwa jina la wazimu wa mzunguko. Ugomvi wao juu ya nani aliyetangulia hauna faida kubwa leo. Lenye faida ni kwamba Falret aliuhesabu hata muda wa uzima kuwa sehemu ya mzunguko ule. Siku njema za mgonjwa hazikuwa ushahidi kwamba ugonjwa umekwisha.

Mwaka 1899 Emil Kraepelin wa Ujerumani, aliyekuwa akifuatilia habari za wagonjwa wake kwa miaka mingi, aliyakusanya maradhi haya chini ya jina moja, akawatia humo hata wale wanaopatwa na kupwa peke yake. Karl Leonhard akawatenga tena mwaka 1957. Na kwake Leonhard ndiko lilikotoka jina la ncha mbili, ambalo watu wa leo hulitamka bipola. Majina, basi, yalikuwa tele. Dawa haikuwapo.

Habari ya dawa husimuliwa kama kisa cha bahati, wala si uongo. Ila ni nusu ya habari. John Cade alizaliwa Australia mwaka 1912. Baba yake alikuwa tabibu wa hospitali za wendawazimu, na mtoto akakulia katika viwanja vya hospitali hizo, akiwaona wagonjwa kila siku kama mtoto mwingine anavyowaona majirani. Katika vita alitekwa na Wajapani Singapore ilipoanguka mwaka 1942, akakaa kifungoni Changi zaidi ya miaka mitatu. Aliporudi alipewa kazi katika hospitali ya Bundoora, karibu na Melbourne, na huko akageuza chumba cha jikoni kisichotumika kuwa maabara yake. Mikojo ya wagonjwa aliihifadhi katika jokofu la nyumbani kwake. Aliamini kwamba wazimu wa kujaa huletwa na sumu fulani iliyozidi mwilini. Akadunga mikojo ile katika wanyama wadogo waitwao simbilisi. Na alipotaka kuijaribu asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki vizuri majini, aliichanganya na chumvi ya lithiamu. Wanyama wakatulia, hata wakilazwa chali hawakuhangaika.

Dhana yake juu ya sumu ilikuwa ya makosa, na huenda simbilisi wale walitulia kwa sababu walikwisha kudhurika. Lakini Cade aliinywa lithiamu yeye mwenyewe kwanza, na alipoona haikumdhuru, tarehe 29 Machi 1948 alimpa mgonjwa wa kwanza, mwanamume wa miaka 51 ajulikanaye katika maandiko kwa herufi W.B. Mtu huyu alikuwa amekaa miaka mitano mfululizo katika hali ya kujaa, mchafu, msumbufu, asiyetulia. Katika wiki chache alitulia. Mwezi Julai akaruhusiwa kwenda kwao, akarejea kazini.

Miezi sita baadaye alirudishwa hospitali akiwa vile vile kama mwanzo. Je, dawa ilikuwa imeshindwa? Jibu halikupatikana katika maabara. Alilileta ndugu wa mgonjwa, aliyemweleza Cade kwamba W.B., kwa kujiona mzima muda mrefu, alianza kuzembea vidonge vyake, na mwisho akaviacha kabisa yapata wiki sita kabla ya kurudi. Bila ushuhuda huo Cade angeweza kudhani kwamba nafuu ile ya kwanza ilikuwa zamu tu ya maji kupwa. Makala yake ilitoka mwezi Septemba 1949, na ndani yake wagonjwa kumi wa namna ya W.B.

W.B. mwenyewe hakuponea. Lithiamu ikipungua haifai, ikizidi kidogo huua, na siku zile hapakuwa na desturi ya kuipima katika damu. Alikufa kwa sumu yake mwezi Mei 1950, na Cade akaipiga marufuku hospitalini kwake. Huko Marekani, mwaka ule ule 1949, lithiamu ilikuwa imeuzwa kama badala ya chumvi ya mezani kwa wagonjwa wa moyo, na baadhi yao wakafa. Sababu yake ni bayana sasa: mwili unapokosa chumvi ya kawaida, figo huishikilia lithiamu isitoke. Ndiyo maana hata leo mwenye kuitumia katika nchi ya joto, akitoka jasho jingi, akiharisha, au akitaka kufunga Ramadhani, hapaswi kufanya hivyo bila shauri la tabibu.

Walioiokoa dawa hii walikuwa Waaustralia wengine, hasa Edward Trautner, walioanza kuipima katika damu, kisha Wadenmaki. Mogens Schou aliifanyia majaribio yaliyochapishwa mwaka 1954, akathibitisha nguvu yake juu ya hali ya kujaa. Mwenzake, Poul Christian Baastrup, aligundua jambo asilolitafuta: baadhi ya wagonjwa waliokwisha kuagizwa waache vidonge walikuwa wakiendelea kuvimeza kwa siri, kwa kuwa walijionea kwamba maradhi hayawarudii, na wako waliowapa jamaa zao wenye ugonjwa huo huo. Ni uvunjaji wa amri, na hatari kubwa pia. Lakini kwamba dawa ya kutuliza ni dawa ya kukinga, wagonjwa hao waliling'amua kabla ya matabibu wao.

Schou naye alikuwa na ndugu. Tangu ujanani ndugu huyo alikuwa akijiwa na huzuni nzito, karibu kila mwaka, na alipopewa lithiamu huzuni zile zikakoma. Wapinzani hawakukosa: mwaka 1968 Barry Blackwell na Michael Shepherd waliandika kwamba kinga hiyo ni ngano tu, na habari ya ndugu yule ikahesabiwa kuwa sababu ya kumshuku Schou. Shaka yao haikuwa ya upuuzi, kwani apendaye huona atakacho. Iliyobaki ilikuwa kuwanyima baadhi ya watu waliopona dawa iliyowaponya, bila wao wala matabibu kujua ni nani aliyenyimwa, na Schou alisita sana kufanya hivyo. Jaribio lilifanyika hata hivyo, likachapishwa mwaka 1970. Kati ya wagonjwa 39 waliopewa vidonge vitupu, 21 walirudiwa na maradhi katika muda wa miezi mitano. Kati ya 45 walioendelea na lithiamu, hakurudiwa hata mmoja.

Miaka kumi baadaye Schou alitoa kitabu kidogo cha mwongozo, alichowaandikia matabibu, wagonjwa, na jamaa zao.